Kiti cha enzi cha Uingereza: maswali yenu kuhusu koo za Stuart na Hanover

Ilikuwaje mtawala wa Kijerumani akapewa ufalme mwaka 1714, ilhali Malkia Anne alikuwa na ndugu wa baba mmoja aliye hai?

Ni dini. Sheria ya Bunge ya mwaka 1701 ilimzuia Mkatoliki yeyote kurithi, hata aliyeoa Mkatoliki. James Francis Edward Stuart, nduguye Anne, alikuwa Mkatoliki, akarukwa. Wakarukwa pia jamaa zaidi ya 50 waliokuwa karibu zaidi kwa nasaba, hadi akafikiwa Sophia wa Hanover, Ujerumani, Mprotestanti na mjukuu wa Mfalme James I. Sophia alifariki mwishoni mwa Mei 1714, Anne akafariki tarehe 1 Agosti, na mwana wa Sophia akawa George I. Kwa hiyo si sahihi kusema watu wa ukoo wa Stuart hawakuwa na haki. Kwa damu walikuwa nayo; sheria ndiyo iliyowafungia mlango.

Je, kweli huyo James alikuwa mtoto wa kupachikwa?

Hapana. Uvumi ulidai aliingizwa chumbani mwa malkia, mama yake, ndani ya chombo cha makaa cha kupashia kitanda joto, Juni 1688. Chumba kilikuwa kimejaa mashahidi. Ila kuzaliwa kwake kulimwondoa kwenye urithi Mary, dada yake Mprotestanti, na wengi walitamani uvumi uwe kweli.

Mwanawe Charles Edward, aliyekuja na jeshi kuurudisha ufalme kwa Stuart, alifika Derby, katikati ya Uingereza. Kwa nini hakuendelea hadi London?

Alifika tarehe 4 Desemba 1745 akiwa na askari zaidi kidogo ya 5,000, na London ilikuwa kilomita 200 hivi mbele. Yeye alitaka kusonga. Jemadari wake Lord George Murray na wakuu wa koo za Uskoti wakamuuliza: Wafaransa wako wapi? Na Waingereza uliosema watatuunga mkono? Charles akakiri hakuwa na barua yoyote ya karibuni kutoka kwao. Njia nzima, kikosi cha maana kilichopatikana Uingereza kilikuwa cha Manchester, watu mia chache tu. Jeshi la serikali chini ya Cumberland, mwana wa mfalme, lilikuwa karibu, jingine chini ya Jenerali Wade kaskazini-mashariki, na jasusi wa serikali Dudley Bradstreet akadai kuna jeshi la tatu, watu 9,000, Northampton. Halikuwapo. Tarehe 6 wakageuza.

Murray hulaumiwa sana, na kwa maoni yetu anaonewa. Kasoro ilianza Julai, pale meli Elizabeth, iliyobeba askari na sehemu kubwa ya silaha, ilipopigana na HMS Lion ikalazimika kurudi Ufaransa. Charles alishuka kisiwa cha Eriskay, Uskoti, na watu wachache, kisha akawaahidi wengine msaada asioweza kuuleta.

Katika vita vya mwisho, Culloden huko Uskoti, askari wa Charles walishindwa kwa sababu ya nini hasa?

Njaa, usingizi na uwanja. Siku ya kuamkia vita kila mtu alipewa biskuti moja kavu. Usiku wakatembea kuelekea Nairn, kama kilomita 19, wakitaka kuivamia kambi ya Cumberland, ambaye askari wake walikuwa wakisherehekea siku yake ya kuzaliwa. Giza na matope vikawachelewesha, kulipokaribia kupambazuka wakarudi. Mchana wa tarehe 16 Aprili 1746 wengi walikuwa wamelala au wametawanyika kutafuta chakula. Mbinu yao ya kukimbilia adui na panga huhitaji ardhi kavu. Pale palikuwa tambarare yenye maji, panapofaa mizinga. Vita havikumaliza saa moja.

Mbona tarehe hutofautiana kati ya vitabu?

Uingereza ilitumia kalenda ya kale hadi 1752, iliyokuwa nyuma kwa siku 11 katika karne hiyo. Hapa tumefuata ya Waingereza wa wakati huo. Ukisoma barua za Ufaransa, ongeza 11 kwenye tarehe zetu za karne hiyo ili zilingane.

Nani alikuwa Stuart wa mwisho kuudai ufalme?

Henry, mdogo wake Charles. Alifanywa kardinali mwaka 1747, hivyo hakuwa na mtoto wa kumrithi. Charles alipofariki 1788, Henry alijiita Henry IX, lakini hakuinua silaha. Vita vya Wafaransa Italia vilipomfilisi, George III, mjukuu wa mfalme ambaye Charles alitaka kumpindua, alimpangia posho ya pauni 4,000 kwa mwaka, naye akaipokea hadi kifo chake mwaka 1807.