Shule na ufundi, vyote viwili

Mdogo wangu, umeuliza kama uache sekondari ukiwa umebakiza mwaka mmoja, kwa kuwa fundi umeme amekubali kukupokea. Usiache. Mwombe akupe Jumamosi na likizo, mwandikiane kabisa: siku zipi, saa ngapi, na kwamba wiki za mitihani huendi. Fundi mzuri ataelewa. Anayenuna ukitaja mitihani anatafuta kibarua wa bure. Halafu hesabu usiidharau. Hita ya wati 2,000 kwenye volti 230 inavuta umeme wa karibu ampea 9: unagawanya wati kwa volti. Asiyejua kugawanya ataweka waya mwembamba, nao utapata moto ndani ya ukuta. Mimi nilianza kwa kumulika tochi na kupokeza bisibisi. Kilichonisumbua ni usingizi tu, hasa Jumatatu.