Kabla hujamtoza mtu faini kwa utani wake

Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Mbagala, mwaka wa nne sasa. Tuko 27, wengi wetu kinamama. Sanduku letu lina kufuli tatu, funguo wanazo watu watatu, na ndani yake mna bakuli la faini. Kuchelewa, simu kuita kikaoni, kudakia maneno: hayo hayanisumbui, kwa sababu aliyechelewa kachelewa. Kinachonitoa jasho ni kipengele cha "lugha isiyofaa, sh. 5,000". Tulikinakili kwenye katiba ya kikundi kingine, wakati tunahangaikia kujisajili halmashauri baada ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Hakuna aliyekaa akafikiria maana yake.

Mwaka jana mweka hazina wetu, Mchaga, alilazwa kwa malaria. Katibu akatutumia taarifa kwenye simu, zikamiminika pole. Katikati ya pole hizo mama mmoja wa Kipare akaandika: "Mdondosheeni sarafu karibu na sikio. Asipogeuka, niiteni nije kuchimba."

Niliusoma ujumbe ule nikiwa ndani ya daladala, damu ikanichemka. Mtu yuko na dripu mkononi, wewe unamtajia kaburi! Watu wawili wakaniandikia pembeni kwamba huyu mama amezidi. Sikumpigia simu, wala sikumuuliza mgonjwa. Jumamosi nikasimama, nikasoma kipengele, nikatangaza faini. Akafungua mkoba, akatoa noti ya elfu tano, akaikunja mara mbili, akaiweka bakulini. "Sawa, mwenyekiti." Wiki tatu baada ya hapo hakusema kikaoni neno lolote lisilokuwa la hesabu.

Na mimi nilipaswa kujua. Wapare na Wachaga ni watani, makabila yanayoruhusiana kutupiana maneno hata msibani: Mchaga hutaniwa kwa kupenda pesa, Mpare kwa kupenda kesi. Mimi ni Mzaramo, watani zangu ni Wanyamwezi na Wasukuma, utani ambao wazee wetu wanasema ulitokana na misafara ya karne ya 19, wapagazi walipokuwa wakishuka pwani. Baba alipofariki, mama mmoja wa Kinyamwezi alivaa kanzu na kofia ya marehemu, akashika fimbo, akapita katikati ya wafiwa akikohoa kikohozi cha baba vilevile. Mama yangu, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajainua uso, alicheka. Halafu yule mama wa Kinyamwezi akaingia jikoni, akaosha masufuria mpaka usiku. Mtani anayekutajia kifo ndiye atakayekuja kukuhangaikia ukifa. "Nije kuchimba" ilikuwa ahadi. Mimi nilisoma herufi tu kwenye kioo cha simu, sauti yake sikuisikia.

Mgonjwa aliporudi alituambia alicheka wodini mpaka nesi akaja kumwangalia. Aliposikia habari ya faini akanishangaa: "Mwenyekiti, una bahati huyu Mpare kakuachia. Alikuwa auze ng'ombe mzima afungue kesi ya hiyo elfu tano!" Yule mama akaangua kicheko, na ndipo nilipojua nimemkosea kiasi gani. Kikao kikaamua arudishiwe fedha yake. Nikamwomba radhi mbele ya wote, maana nilimhukumu mbele ya wote.

Ila lililoninyima usingizi ni jingine. Usiku ule nililipekua daftari la faini kutafuta faini moja, nikaikosa. Miezi miwili nyuma, baba mmoja mwenye hisa nyingi kuliko sisi wote alimwambia muuza vitumbua aliyechelewesha rejesho: "Kumbe mteja wa vitumbua vyako ni wewe mwenyewe?" Kikao kizima kilicheka. Nami nilicheka. Sikufungua katiba wala daftari. Nikaenda kwa yule dada, nikamkuta anaroweka mchele. Nikamuuliza siku ile alijisikiaje na kwa nini hakusema kitu. Akasema, "Dada, ningemjibu nini? Yeye ndiye mdhamini wangu."

Kwa hiyo wewe uliyepewa kazi ya kutunza nidhamu ya watu, iwe kikundi, kamati ya harusi au ofisi, nakuomba usianze kupima ukali wa maneno. Tazama kama aliyeambiwa anaweza kurudisha. Mpare na Mchaga wanarushiana, leo wewe kesho mimi. Muuza vitumbua hakuwa na pa kurushia. Na ukitaka kujua kama mtu ameumia, mfuate faraghani, kwa sababu mbele za watu kila mtu atakwambia "ah, tunataniana tu". Neno lililoandikwa lisikutoshe: piga simu, usikie limesemwaje. Usitoze siku uliyokasirika. Sisi sasa faini ya lugha inasubiri kikao kinachofuata. Na mara mojamoja lifunue daftari lako uangalie ni majina gani hayajawahi kuandikwa humo. Hili la mwisho ndilo gumu, kwa sababu utakutana na wale unaowaogopa.

Yule baba nilimwita pembeni. "Mwenyekiti, ule ulikuwa utani." Nikamuuliza, yeye na yule dada ni watani wa wapi? Akanyamaza. Jumamosi iliyofuata aliweka elfu tano bakulini kabla sijafungua daftari, na muuza vitumbua akanyoosha mkono kuomba abadilishiwe mdhamini. Mama wa Kipare akasema, "Niandikeni mimi."