Mtoto amezimia akiogelea? ECG (kipimo cha umeme wa moyo) kwanza, kifafa baadaye

Dada uliyeuliza kama mwanao aliyeambiwa ana kifafa apelekwe shule ya bweni, hilo weka pembeni kwanza. Mtoto amezimia AKIOGELEA, na umeshaandikiwa fenobabito, dawa ya kifafa? Hiyo njia naijua mpaka mashimo yake.

Wangu alizimia Igombe, ziwani kule Mwanza. Hakupiga kelele wala teke, alizama tu, mvuvi wa dagaa akamvuta mkono. Midomo imepauka, viungo vikatetemeka kidogo, halafu muda si mrefu anauliza kaptula yake iko wapi. Daktari kusikia "ametetemeka" tu, kifua hajakigusa, kaandika kifafa. Na mimi nikanunua dawa mwaka baada ya mwaka! Mtoto anasinzia darasani, na bado anaanguka: akikimbia, akishtuliwa. Dozi ikaongezwa. Bibi yake akasema ni jini wa ziwani, nikapeleka kuku kwa mganga Kisesa mpaka dereva wa bajaji akaanza kuniita shemeji. Chekeni tu. Mganga simlaumu, yeye hakusomea. Huyu mwenye koti jeupe ndiye aliyenimaliza.

Kumbe kutetemeka kule ni ubongo kukosa damu, mapigo ya moyo yamevurugika. Inaitwa QT ndefu: baada ya kila pigo, umeme wa moyo unachelewa kujipanga upya. Wengine huangushwa na mbio au kuogelea, wengine hata na kengele ya ghafla. ECG ni vibandiko kifuani na karatasi inatoka, dakika chache, sindano hakuna. Miaka yote ile tulikosa karatasi!

Kwa hiyo: MTOTO AKIZIMIA MBIONI, MAJINI AU KWA KUSHTUKA, DAI ECG, na mwambie daktari aipime QT kwenye hiyo karatasi kwa macho yake, asisome tu kilichoandikwa na mashine. Ikitoka safi usiondoke. Kuna ugonjwa mwingine wa mapigo ya moyo ambao hauonekani mtoto akiwa ametulia kitandani, mpaka apimwe akikimbia kwenye mashine.

Na ni ya kurithi. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu. Kwetu alikutwa nayo mama yao, hajawahi kuzimia hata siku moja. Huyo mjomba uliyemtaja, aliyekufa maji Ukerewe: mtoto wa kisiwani hajui kuogelea? Wakikwambia mamba, uliza nani alimwona.

Wangu sasa anameza propranololo, dawa ya kutuliza moyo, kila siku, haruki hata dozi moja. Ziwani haingii. Na duka la dawa tunataja QT kabla ya kununua chochote, maana antibiotiki kama erithromaisini na azithromaisini, na hata kwinini ya malaria, zinaweza kuirefusha zaidi.