Msaada wa masomo katika vyuo vya umma vya majimbo mengine: ulizeni kama fungu lipo kabla ya kulipa amana

Dada uliyeuliza, umesema kwamba mnaishi Minnesota, kwamba wewe na mume wako ni wauguzi, kwamba mapato yenu ya mwaka ni takriban dola 130,000, na kwamba kijana wenu amekubaliwa katika kampasi mojawapo ya Chuo Kikuu cha California. Unataka kujua kama ni salama kulipa amana ya kushikilia nafasi yake kabla ya Mei 1 na kutafuta msaada wa masomo baadaye, kwa kuwa ndugu na jamaa wanawaambia kwamba Marekani msaada haukosekani. Sisi pia tunaishi Minnesota, kipato chetu hakitofautiani sana na chenu, na tulipita njia hiyo na binti yetu mkubwa. Ushauri wangu ni kwamba msilipe amana hiyo kabla ya kuona barua inayotaja ruzuku na kiasi chake, kwa sababu kwa familia ya kipato cha kati inayotoka jimbo jingine, mara nyingi fungu lenyewe la fedha za ruzuku halipo.

Chuo cha umma hapa ni mali ya jimbo, na bunge la jimbo hukitengea fedha kwa ajili ya watoto wa wakazi wake. Mwanafunzi wa jimbo jingine hupokelewa kwa furaha, lakini hupokelewa kama mlipaji ambaye ada yake husaidia kubeba gharama za wengine. Katika Chuo Kikuu cha California, wanafunzi wapya walioanza vuli ya 2025 walitozwa ada ya kawaida ya dola 14,934, na asiye mkazi aliongezewa dola 37,602, kwa hiyo jumla ilikuwa dola 52,536 kabla ya malazi, chakula na bima. Mpango wao unaojulikana kama Blue and Gold, ambao huhakikisha kwamba ada ya mwanafunzi wa familia ya kipato cha chini inafidiwa, ni wa wakazi wa California. Chuo Kikuu cha Michigan nacho kina mpango kama huo, Go Blue Guarantee, ambao pia ni wa wakazi wa Michigan. Hata hapa kwetu, North Star Promise, ahadi ya jimbo ya kufidia ada iliyoanza vuli ya 2024, ni ya wakazi wa Minnesota ambao mapato ya familia hayafiki dola 80,000, kwa hiyo ninyi na sisi tumeachwa nje hata nyumbani.

Linabaki fungu la serikali kuu, ambalo huombwa kwa fomu ya FAFSA. Ruzuku ya Pell, ambayo ni fedha za serikali kuu zisizorudishwa kwa wanafunzi wenye uhitaji, na ambayo kiwango chake cha juu kimekuwa dola 7,395 kwa miaka kadhaa sasa, kwa kawaida haifiki kwenye mapato yenu. Kinachofika ni mkopo. Mwanafunzi anayetegemea wazazi anaweza kukopa dola 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 mwaka wa pili, na 7,500 kila mwaka baada ya hapo. Mzazi naye hupewa mkopo wa PLUS, ambao riba yake kwa mwaka wa masomo 2025/26 ilikuwa asilimia 8.94, na kwa sheria iliyotiwa saini Julai 2025, wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026 wamewekewa kikomo cha dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa mtoto mmoja katika masomo yake yote. Pigeni hesabu: mkikopa hadi kikomo, mwaka wa kwanza mtapata dola 25,500, kiasi ambacho hakifiki nusu ya ada niliyoitaja, na ifikapo mwaka wa nne mzazi atakuwa amebakiwa na dola 5,000 tu za kukopa. Nayasema haya kwa msisitizo kwa sababu barua nyingi za vyuo huiorodhesha mikopo hiyo chini ya neno msaada, na mzazi aliyechoka na zamu ya usiku anaweza kuitazama jumla ya chini na kuamini kwamba pengo limezibwa.

Kuna jambo jingine linaloziumiza hasa familia zetu. FAFSA hutoa namba iitwayo SAI, inayokadiria uwezo wa familia kwa kutumia ritani ya kodi ya mwaka wa miaka miwili nyuma. Anayeanza vuli ya 2026 anapimwa kwa mapato ya 2024. Kama mwaka huo mlifanya ovataimu nyingi, ndiyo itakayohesabiwa, hata kama mmekwisha kuiacha. Ukubwa wa kaya huhesabu wanaoishi nanyi na kutunzwa nanyi, kwa hiyo dawa za sukari za mama aliyeko Morogoro, ada ya shule ya mpwa na michango ya misiba havionekani popote. Tangu mwaka wa masomo 2024/25, hata kuwa na watoto wawili chuoni kwa wakati mmoja hakuigawanyi tena namba hiyo kama zamani. Sisi tuliandika barua ya rufaa kwenye chuo kimoja cha jimbo jingine, tukaambatanisha risiti za pesa tulizotuma nyumbani na barua ya mwajiri kuhusu zamu zilizopunguzwa. Ofisi ya msaada ilitusikiliza kwa heshima na ikakubali kuishusha SAI yetu. Hata hivyo, barua mpya ilipokuja, ruzuku ilikuwa sifuri kama ile ya kwanza, kwa sababu chuo hakikuwa na fedha za kumpa asiye mkazi, awe na mahitaji makubwa au madogo. Rufaa inafaa sana pale penye fungu. Pasipo na fungu, hubadilisha namba peke yake.

Mtasikia pia ushauri wa kumpeleka kijana akae kwa shangazi yake California mwaka mmoja ili awe mkazi. Msiufuate. Kanuni za chuo hicho zinadai zaidi ya mwaka mzima wa kuishi pale pamoja na ushahidi wa nia ya kubaki, na kijana aliye chini ya miaka 24 ambaye wazazi wake si wakazi hutakiwa pia athibitishe kwamba anajitegemea kifedha.

Mlango uliotufungukia sisi ulikuwa karibu zaidi. Minnesota ina makubaliano ya ada na Wisconsin, North Dakota na South Dakota, na binti yetu alisoma Chuo Kikuu cha Wisconsin kule Madison kwa ada iliyokaribia sana ile ambayo angelipa hapa nyumbani. Maombi hupelekwa Ofisi ya Elimu ya Juu ya Minnesota, si kwenye chuo, na wazazi wengi hawajui kwamba yanatakiwa. Upo pia mpango wa kubadilishana wanafunzi wa majimbo ya kati ya magharibi, ambamo vyuo vya umma vinavyoshiriki humtoza mwanafunzi wa jimbo jingine lililomo ada isiyozidi asilimia 150 ya ile ya mkazi, ingawa si kila kampasi wala kila fani imo. Kama kijana wenu ana alama za juu sana, Chuo Kikuu cha Alabama hutoa ufadhili wa ufaulu kwa wasio wakazi kwa kutazama wastani wa alama na mtihani, bila kuuliza mapato ya wazazi. Na kwa wadogo zake watakaofuata, kumbukeni Chuo Kikuu cha Virginia kule Charlottesville na kile cha North Carolina kule Chapel Hill, vyuo vya umma vinavyoahidi kukidhi mahitaji yote ya kifedha yaliyothibitishwa, hata ya mwanafunzi wa jimbo jingine. Kuingia ni kugumu, na fomu yao ya ziada, CSS Profile, huuliza hadi thamani ya nyumba mnayoishi.

Wiki hii pigeni simu kwenye ofisi ya msaada ya hiyo kampasi na muulize waziwazi: je, kuna ruzuku ya chuo kwa asiye mkazi wa kipato chetu, ni kiasi gani, na inaendelea miaka minne au mwaka mmoja tu? Ombeni jibu kwa barua pepe. Kama kijana bado ana nafasi Chuo Kikuu cha Minnesota, kampasi ya Twin Cities, au Madison, asiiachie kabla ya jibu hilo kufika.