Nina nafasi ya kila mtu, isipokuwa wanangu

*Shangazi, nina umri wa miaka 38. Nilitumikia kifungo cha miaka 4 kwa wizi, na wizi wenyewe ulikuwa wa kutafutia pesa ya heroini. Nimetoka miezi 14 iliyopita na sijagusa unga. Kinachonishikilia ni kuwasaidia vijana wanaotoka gerezani: ninawalaki langoni, ninawapeleka soba hausi, zile nyumba za wanaoacha uraibu, ninapokea simu zao usiku wa manane. Mwezi uliopita mmoja wao alizidisha dozi akafariki, siku ya sita tangu atoke. Dada yangu, aliyenilelea watoto wawili muda wote huo, anasema nina nafasi ya kila mtu isipokuwa wao. Mwanangu wa kiume bado huficha akiba yake chini ya godoro ninapokuja kulala. Je, niiache kazi hii?*

Mwanangu, usiiache. Ila ipunguze.

Nianze na marehemu, kwa kuwa nahisi ndiye aliyekufanya ushike kalamu. Mtu aliyekaa gerezani bila heroini, mwili wake hupoteza ustahimilivu uliokuwa nao, na akitoka akatumia kiasi kile kile alichokizoea zamani, kiasi hicho sasa chatosha kumkata pumzi. Ndiyo maana majuma mawili ya kwanza ya uhuru huwa ya hatari mno. Hukumuua wewe. Lakini kama hujawahi kuwaambia vijana wako jambo hili waziwazi, tena pale pale langoni, anza sasa, wala usidhani kwamba kulitaja ni kuwatabiria kuanguka. Ulizia pia dawa ya nalokisoni, ambayo humrudishia pumzi aliyezidisha, ujifunze kuitumia. Nguvu yake huweza kuisha kabla unga haujatoka mwilini, kwa hiyo mgonjwa afikishwe hospitali hata kama ameamka na anakutukana.

Bill Wilson, mmoja wa waasisi wa Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, alipoacha pombe alitumia miezi kadhaa kuwahubiria walevi wa New York, na hakuna aliyeacha. Mkewe, Lois, ndiye aliyemkumbusha kwamba yeye mwenyewe, angalau, hakuwa amekunywa. Mwezi Mei 1935, akiwa mjini Akron, huko huko Marekani, kwa shughuli iliyokwenda mrama, alisimama katika ukumbi wa hoteli huku baa ikimwita, na badala ya kuingia akapiga simu huku na huko akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, hadi akafikishwa kwa daktari Robert Smith, naye mlevi. Hakwenda kumwokoa daktari, alikwenda kujizuia. Wewe, kwa jinsi ulivyoandika, umeanza kujipima kwa idadi ya waliosimama, na nahofia siku hesabu hiyo itakapokuelemea. Barua yako imejaa watu wanaokupigia simu, lakini sikuona hata mmoja ambaye wewe humpigia. Mtafute huyo kwanza, mtu aliyeacha miaka mingi kabla yako, kisha tafuta wenzako wawili mgawane simu za usiku kwa zamu.

Sasa nije kwa dada yako, ambaye kwa maoni yangu amekitumikia kifungo chako akiwa nje. Anachosema ni kweli, na sababu yake si ngumu kuiona: kijana wa langoni hukuwahi kumwibia. Yeye anakuona mtu mwema tangu dakika ya kwanza, ilhali nyumbani kuna mtoto anayekumbuka pesa zilizopotea. Shukrani za wageni hupatikana upesi, na wewe, mwenye kuujua uraibu, waelewa jinsi kitu kinachopatikana upesi kinavyoweza kukuteka.

Chagua siku moja ya juma iwe ya watoto, simu ya vijana ikae kwa mwenzako, nawe ufike saa ile ile uliyosema, hata kama mvua inanyesha. Usiende na ushuhuda. Osha vyombo, kagua madaftari, muulize dada yako ni mzigo gani anataka kuutua mwezi huu, kisha uubebe bila kumweleza jinsi ulivyobadilika. Kuhusu godoro, usiulize wala usitanie. Hata shuka za kitanda hicho, kwa sasa, mwachie mwanao azitandike mwenyewe.