Je, Mungu hakuweza kusamehe bila msalaba?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mkazi wa Kisauni na mshiriki wa kanisa tangu utotoni. Mwezi wa Ramadhani uliopita jirani yangu, mzee Mwislamu ambaye tumeishi naye kwa wema na hatuachi kupelekeana sahani, aliniuliza jambo nikashindwa kulijibu: ikiwa Mungu ni mwingi wa rehema, kwa nini asisamehe tu, mpaka imwagike damu ya asiye na hatia? Akaongeza kwamba, kwa jinsi ninavyoueleza, msalaba hauna tofauti na kafara ya kuondoa mkosi tuijuayo huku Pwani. Nimjibu nini?

JIBU: Marahaba, ndugu msomaji. Wanatheolojia wenyewe wameulizana swali hilo kwa karne nyingi, na sina budi kukiri kwamba mahubiri mengi ya Ijumaa Kuu hulizidisha uzito badala ya kulijibu. Mhubiri humchora Baba mwenye hasira anayetafuta wa kumpiga, na Mwana anayejitosa katikati kuipokea fimbo. Mzee hakukosea kukumbuka kafara aliposikia maelezo ya namna hiyo, kwa sababu katika kafara mwenye hofu ni mwanadamu, mtoaji wa mnyama ni mwanadamu, na anayetulizwa yuko upande wa pili.

Neno kafara tumelipata kwa Waarabu, nalo ni ndugu wa neno la Kiebrania ambalo Biblia yetu, katika Mambo ya Walawi, imelitafsiri kuwa upatanisho. Sura ya 16 inaeleza siku moja ya mwaka ambapo kuhani mkuu aliletewa mbuzi wawili. Wa kwanza alichinjwa na damu yake ikanyunyizwa patakatifu; wa pili aliwekewa mikono kichwani, dhambi za watu zikaungamwa juu yake, kisha akapelekwa jangwani akiwa hai. Mtazame huyo wa pili: hapigwi wala hachinjwi, bali anachukua mzigo na kwenda nao. Tena katika sura inayofuata, aya ya 11, Mungu anasema kwamba damu hiyo ni yeye aliyewapa watu juu ya madhabahu. Hapo ndipo kafara ya mkosi na upatanisho wa Biblia vinapoachana njia, ijapokuwa maneno yenyewe ni ya ukoo mmoja, kwa kuwa aliyekosewa ndiye anayetoa.

Mtume Paulo anakaza jambo hilo hilo katika 2 Wakorintho 5:19 anaposema kwamba Mungu alikuwa ndani ya Kristo akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake. Wala hakuna mahali Paulo anaposema kwamba Mungu ndiye aliyepatanishwa na sisi. Yesu naye, katika Yohana 10:18, anasema kuhusu uhai wake kwamba hakuna amwondoleaye, bali anautoa mwenyewe. Kwa imani ya Wakristo, basi, hakuna Baba anayedai huku na Mwana anayelipa kule, kwani aliyetundikwa ni Mungu mwenyewe katika mwili wa kibinadamu. Ukiliondoa hilo, swali la jirani yako halina jibu, na mimi ningekaa upande wake.

Sasa kuhusu kusamehe “tu”. Mtaani kwetu kuna duka ambalo mwenyewe huweka daftari la madeni chini ya mizani. Siku moja nilimwona akifungua ukurasa wa mama mmoja aliyefiwa na mumewe, akaiweka kalamu juu ya orodha ya unga, sukari na mafuta ya taa, akapiga mstari toka juu hadi chini bila kusema neno. Deni lilifutika, lakini unga ulikuwa umekwisha kuliwa, na aliyeununua kwa jumla ni yeye. Hasara ilihama kwa mdaiwa ikamkalia mdai. Waraka kwa Wakolosai, 2:14, unatumia mfano wa karibu sana na huo, wa hati ya mashtaka iliyofutwa na kugongomewa msalabani. Asemaye kwamba kusamehe hakugharimu kitu huwa hajawahi kukosewa sana.

Utauliza, na wengi wameuliza, malipo hayo yalikwenda kwa nani, maana Marko 10:45 inataja fidia. Unapopita Kengeleni unaiona kengele ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamishonari wa Kianglikana katika miaka ya 1870 kwa ajili ya waliotolewa utumwani. Wengi wao hawakununuliwa kwa fedha. Majahazi yaliyowabeba yalikamatwa baharini, na mwenye watumwa hakupata hata senti. Hata hivyo tunasema walikombolewa, wala hatukosei. Katika karne ya 4, askofu Gregori wa Nazianzo alikataa katakata wazo kwamba Shetani alilipwa fidia. Mnamo 1098 askofu mkuu Anselm wa Canterbury alieleza kwamba dhambi ni deni la heshima ya Mungu, na Wanamatengenezo wa karne ya 16, yaani Waprotestanti wa kwanza, wakasisitiza adhabu ya sheria, huku makanisa ya Mashariki yakipenda zaidi kusema juu ya ushindi dhidi ya mauti. Imani ya Nikea yenyewe, ungamo la kale la makanisa, inasema alisulubiwa kwa ajili yetu, kisha inanyamaza kuhusu aliyelipwa, na nadhani ilifanya vyema.

Mzee akikuambia kwamba Kurani, sura ya 4 aya ya 157, inakana kusulubiwa kwa Isa, msishindane barazani. Hiyo ni hoja nyingine, na swali lake la rehema halikuitegemea. Msimulie habari ya daftari, kisha umwombe naye akueleze anavyoielewa kafara katika dini yake.