Mwanangu, omba hiyo kozi

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Huku Tanga hatujambo. Bibi yako miguu imepungua uvimbe na ameanza tena kugombana na kuku wa jirani, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Ujumbe wako nimeusikiliza, nikaurudia, na zile karatasi za chuo nimezisoma na kaka yako kando. Umeniuliza mawili. La kwanza, uombe sasa hicho cheti cha tiba ya wanandoa na familia, ilhali shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii unayo na kazi unayo? La pili, kwa kuwa wanataka uandike familia uliyokulia na ilivyokujenga, je, useme kwamba marehemu baba yako alikuwa na wake wawili, au uliruke?

La kwanza jibu lake ni fupi. Omba. Sababu umeitoa mwenyewe uliponisimulia zile familia za Kivu, Kongo, zinazokuja ofisini kwenu Columbus, Ohio. Mtoto wa darasa la sita ndiye mkalimani wa baba yake kwa daktari, kwa mwenye nyumba, benki. Siku mtoto akikorofisha na baba akaitwa shule, anayemtafsiria maneno ya mwalimu ni huyo huyo mkorofi! Ulicheka uliponieleza, lakini ukaongeza kwamba kuwatafutia bima na makoti ya baridi unajua, ila wakianza kurushiana maneno mbele yako hujui ushike wapi. Mtu anayejua pale kazi yake inapomshinda ana sababu nzuri ya kurudi darasani kuliko anayetaka karatasi ya kutundika ukutani.

Ila karatasi nayo uiulizie kabla hujalipa hata dola moja. Cheti cha namna hii peke yake hakikupi leseni. Huko Marekani leseni ya utabibu wa ndoa na familia hutolewa na kila jimbo kwa masharti yake; California, kwa mfano, inadai saa 3,000 za kazi chini ya msimamizi. Kwenu Ohio bodi inayosimamia watu wa ustawi wa jamii, washauri nasaha na watabibu wa ndoa na familia ni moja, na wewe tayari umo kwenye daftari lao. Waandikie, uulize: nikimaliza kozi hii, ni masomo gani mtayahesabu na yapi hamtayahesabu? Jibu lije kwa maandishi, la simu halina shahidi. Halafu waulize chuo kama programu hiyo ina ithibati ya COAMFTE, ile tume inayokagua programu za kufundisha tiba ya ndoa na familia. Wakianza kuzungukazunguka, umeshajibiwa.

Sasa kuna swali ulilolitupia mwishoni kama mzaha: eti watakufundisha nini ambacho shangazi yako hakijui? Nilikaa kwenye usuluhishi wa ndoa ofisini kwetu miaka mingi, nitakuambia. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ugomvi upite kwanza kwenye baraza la usuluhishi. Ukiondoa hali chache, mahakama haipokei ombi la talaka bila hati ya baraza kwamba usuluhishi umeshindikana, na hati yenyewe isiwe imepita miezi 6. Kwa hiyo wengi waliokaa mbele yetu walikuwa wameshamalizana zamani, walifuata hati tu. Mume kaweka kofia mapajani, anaangalia mlango. Mke kaja na shangazi yake. Ukimuuliza, "Wewe bibi, unataka nini?" shangazi anajibu. Ukimuuliza tena, shangazi anajibu kwa sauti zaidi. Na sisi wa barazani tulikuwa tunatafuta nani mwenye makosa, kwa sababu hilo ndilo wote wawili walilokuja kutuuliza.

Hayo mambo unayotaka kusoma yanauliza kitu kingine: kinapita nini kati ya hawa wawili, na kinajirudia vipi. Shangazi yako hilo analiona, tena haraka, lakini halisubiri wiki nne watu waje walione wenyewe. Katika vile vitini ulivyoacha kabatini nimesoma habari za Salvador Minuchin, yule daktari Muajentina, mmoja wa waasisi wa tiba ya familia, aliyekwenda kufanya kazi na familia maskini za Philadelphia. Yeye na wenzake walichukua watu wa mitaa hiyo hiyo, wasio na digrii, wakawafundisha kazi hii huku wakiwaangalia wakiifanya. Nilifurahi kusoma. Shangazi yako angefaa sana, ila asingekubali kusahihishwa.

Tuje kwenye hiyo barua ya maelezo binafsi, kwa sababu hapa ndipo naona umekwama.

Andika. Lakini usiandike "nilikulia katika ndoa ya mitala" kisha ukahamia aya nyingine. Msomaji wa huko atalijaza pengo hilo mwenyewe, na atakachokijaza sidhani utakitambua. Atakuonea huruma, na huruma haimpatii mtu nafasi ya chuo. Muoneshe ulichokuwa unafanya.

Mwezi wa Ramadhani, wewe ndiye uliyekuwa unapeleka futari kwa mama yako mdogo, mke mwenzangu. Hotpoti ya uji wa pilipili manga mkono mmoja, sahani ya vitumbua imefunikwa kawa mkono mwingine, unapita nyuma ya msikiti ili watoto wa barabarani wasikusukume. Ukifika, mama mdogo anapokea, anaonja, anauliza, "Mama yako kasemaje leo?" Ukirudi nami nakuuliza, "Umemkuta anafanya nini?" Halafu baba yako akitoka tarawehe anakuuliza pembeni nani kanuna. Ndivyo nyumba zetu zilivyozungumza, na njia yake ilikuwa wewe. Mpaka ukajua kuchuja: uji ulifika, maneno mengine yaliishia nyuma ya msikiti.

Murray Bowen, yule daktari wa akili wa Kimarekani wa nadharia ya familia unayemtaja kila mara, anasema watu wawili wakiwa na mvutano humvuta wa tatu ili wapate nafuu. Huna haja ya kumnukuu. Wanaosoma hizo barua wamemsoma wote. Weka hotpoti yako, kisha uweke yule mtoto wa Kivu anayemtafsiria baba yake mbele ya mwalimu. Yule naye yuko katikati ya wakubwa wawili, kabeba maneno mazito kuliko umri wake, na baba anajiona kashushwa ndani ya nyumba yake. Wewe unamwelewa kwa sababu ulikuwa njiani na hotpoti. Ukiziweka habari hizo mbili karibu karibu, hutahitaji kueleza kwa nini unaomba.

Unaposema kilichokuumiza, sema. Usinifiche kwa ajili ya heshima yangu. Mimi ni mtu mzima. Lakini ile kesi ya mirathi baada ya msiba wa baba yako usiiguse. Ile ni ya ndugu zako wa nyumba zote mbili, na wengine bado hawasemeshani. Yako ni yale uliyoyaona kwa macho yako na uliyoyafanya kwa mikono yako.

Wakikuita kwenye usaili, na wewe uwe na maswali. Waulize wanafundisha lini, mwanzo au mwisho, namna ya kutambua kwamba mmoja anamwogopa mwenzake. Mume na mke wakikaa bega kwa bega mbele yako, mke aliyepigwa jana atasema mambo ni mazuri. Lazima kwanza uzungumze na kila mmoja peke yake. Chuo kisichokuwa na jibu la moja kwa moja hapo, mimi nisingekipa pesa zangu.

Waulize pia habari za kile kioo cha upande mmoja, wanafunzi wenzako na mwalimu wakiwa nyuma yake wanakutazama ukifanya kazi. Wewe utazoea. Mzee aliyekimbia vita Kongo, akiambiwa nyuma ya kioo kuna watu asiowaona wanamsikiliza, sijui kama atarudi wiki ijayo. Afadhali ile njia ya Tom Andersen, daktari wa akili kule Tromsø, Norwe: mwaka 1985 yeye na wenzake waliacha kuficha mazungumzo yao, familia ikakaa ikasikiliza wataalamu wakijadiliana. Hiyo watu wetu wataielewa, wamezoea wazee kuzungumza mbele yao.

Barua za udhamini, mwombe msimamizi wako wa kazini aliyekuona na wateja. Yule profesa mwenye jina kubwa atakuandikia sifa ambazo angeweza kumwandikia mtu yeyote.

Na usiniletee habari ya pesa za kila mwezi kama kisingizio. Dawa za bibi kaka yako amezichukua kuanzia mwezi huu, tumeshakubaliana. Tuma unachoweza, ukishindwa sema umeshindwa.

Mama yako mdogo nimemweleza unachotaka kuandika. Hakukataa, ila anataka asomewe ile aya kabla hujaituma, na anasema vitumbua vya siku zile alivipika yeye pia, usije ukamwandika kama mpokeaji tu. Mpigie Jumapili baada ya alasiri, asubuhi yuko Ngamiani na biashara yake, hatasikia simu.

Mama yako.